Kuiteka Dunia kwa Zamu

Mtu anayeketi mbele ya ubao wa mchezo wa Risk kwa mara ya kwanza huvutwa na Asia. Ndiyo kubwa kuliko mabara yote sita ya ubao ule: ina nchi 12 kati ya 42, na atakayeishika yote hulipwa askari 7 wa nyongeza kila zamu yake inapofika. Ulaya na Amerika Kaskazini hulipa 5 kila moja, Afrika 3, na yale mabara mawili madogo, Amerika Kusini na Australia, hulipa 2. Mgeni hupiga hesabu ya haraka, akawatawanya askari wake kutoka Ural hadi Japani. Baada ya raundi chache amebaki na askari mmoja mmoja, kila mmoja kasimama peke yake katika nchi ambayo jirani yeyote anaweza kuichukua saa anayotaka.

Kosa hili halichagui elimu wala umri. Nimeliona kwa wanafunzi, nimeliona kwa wahasibu waliozoea kushinda na tarakimu mchana kutwa. Jicho likitazama ramani huona ardhi kwanza. Njia huziona baadaye, au lisizione kabisa. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayejifunza mchezo huu ni kuisahau kwa muda idadi ya nchi na kuhesabu milango. Bara ni nyumba, na nyumba hulindwa milangoni. Asia ina milango mitano: Kamchatka inapakana na Alaska, Siam inashukia Indonesia, Ural na Afghanistan zinaelekea Ulaya, na Mashariki ya Kati inafungukia Ulaya na Afrika kwa pamoja. Mwenye Asia hupokea askari wake 7 akawagawa milango mitano, na wapinzani wake wote wana sababu ya kumpiga kabla hajazoea kuwapokea. Askari hao hawamtoshi.

Sasa tazama pembe ya chini, kulia. Australia ina nchi 4 tu: Indonesia, Guinea Mpya, Australia Magharibi na Australia Mashariki. Mlango wake ni mmoja. Anayetaka kuingia lazima atoke Siam akanyage Indonesia. Njia nyingine haipo. Malipo ya askari 2 yanaonekana madogo mpaka ukumbuke kwamba mwanzoni mwa mchezo kila mtu kwa kawaida hupokea askari 3, kwa sababu idadi ya nchi zako hugawanywa kwa tatu na hata ukiwa na nchi chache hupungukiwi na hao watatu. Anayepokea 5 wakati wenzake wanapokea 3 atakuwa, baada ya raundi 5, na askari 10 ambao wenzake hawakuwahi kuwapata. Wazoefu huongeza jambo moja zaidi: usiulinde mlango ukiwa ndani. Toka, simama Siam. Hapo unailinda Australia yote, na wakati huohuo umemnyima mwenye Asia nchi moja anayoihitaji ili alipwe zile 7. Kikosi kimoja kinafanya kazi mbili.

Bila shaka na wengine mezani wanalijua hilo. Wawili wakiigombea Australia tangu siku ya kwanza, wote wawili wamekwisha, hata kama mmoja wao ataishia kuipata. Hapo anayejifunza anahitaji ujasiri wa kuondoka mapema na kwenda Amerika Kusini, yenye nchi 4 na milango 2, Venezuela na Brazili. Ulinzi wake ni mgumu kidogo kuliko wa Australia, lakini ina fadhila ambayo Australia haina: ukitoka Venezuela umeingia Amerika Kaskazini, ukitoka Brazili umeingia Afrika, na mtu mwenye njia mbili za kukua hawezi kufungiwa. Amerika Kaskazini, yenye nchi 9 na milango 3 kwa malipo ya 5, ndiyo bora kwa maoni yangu kati ya mabara makubwa. Ulaya waachie wenye uzoefu.

Habari ya Alaska na Kamchatka inastahili kusemwa peke yake. Moja iko kona ya juu kushoto, nyingine kona ya juu kulia, na mgeni huzichukulia kuwa nchi mbili zilizo mbali kuliko zote. Kuna mstari unaotoka ukingoni mwa ubao kuziunganisha, kwa kuwa dunia ni duara. Mashambulizi mengi yanayowamaliza wachezaji wapya hupita hapo, maana wameamini kwamba mgongo wao uko salama pale karatasi inapoishia. Katika dunia ya kweli, Mlango-bahari wa Bering unaotenganisha Urusi na Marekani una upana wa kilomita 85 hivi pale ulipo mwembamba. Unauzidi kidogo tu umbali wa Dar es Salaam hadi Unguja.

Msomaji wa huku kwetu atauliza habari za Afrika, na ana haki ya kuuliza. Ubaoni Afrika ina nchi 6: Afrika Kaskazini, Misri, Afrika Mashariki, Kongo, Afrika Kusini na Madagaska. Milango ni 3, malipo ni 3. Kwa hesabu kavu ni bara la wastani. Hata hivyo nimewaona wachezaji wa kwetu wakilundika askari wao wote kwenye kile kipande kilichoandikwa Afrika Mashariki kabla hawajatazama majirani zake ni nani. Ni nyumbani, na mkono unakwenda wenyewe. Hisia hiyo naielewa na naiheshimu, ila ubao hauitambui. Ukijikuta huko, usikae ukiulinda ukuta kwa mapenzi. Vuka bahari kutoka Afrika Kaskazini uichukue Brazili na Amerika Kusini nzima. Mabara hayo mawili kwa pamoja yanakulipa 5, na Brazili haihitaji tena mlinzi. Kisha, ukipata nguvu, sogea Mashariki ya Kati. Afrika Mashariki inapakana na nchi moja tu ya nje, nayo ni hiyo. Ukiishika, nyumbani hapahitaji tena jeshi. Mapenzi ya nyumbani yametimizwa kwa kuondoka nyumbani, jambo ambalo mchezaji mpya hulikubali kwa shida.

Tuje kwenye dadu, maana hapo ndipo watu hupata hasira, na hasira ndiyo inayopoteza michezo. Mshambuliaji hurusha dadu hadi 3, mlinzi hadi 2. Kubwa ya huyu hulinganishwa na kubwa ya yule, ya pili na ya pili, na zikilingana mlinzi ndiye mshindi. Kwa dadu 5 kuna matokeo 7,776 yanayowezekana. Katika 2,890 mshambuliaji huua wawili bila kupoteza mtu. Katika 2,275 hupoteza wawili yeye mwenyewe. Katika 2,611 kila upande hupoteza mmoja. Maana yake, anayeshambulia kwa dadu 3 ana faida ndogo lakini ya kweli, na anayejifungia nyuma ya ulinzi mchezo mzima anaikataa faida hiyo kila zamu. Punguza dadu moja tu na mambo yanageuka kabisa. Dadu 2 dhidi ya 2 zina matokeo 1,296: mshambuliaji huua wawili katika 295, na hupoteza wawili katika 581. Ukibaki na dadu 1 dhidi ya 1, una nafasi 15 katika 36.

Ili kurusha dadu 3 unahitaji askari 4 katika nchi unayotokea, kwa sababu mmoja lazima abaki. Basi wakishuka kufikia 3, acha. Hata kama adui amebakiwa na mmoja, jiulize kwanza kama nchi ile ina thamani ya kuuacha mpaka wako wazi. Neno linalosikika sana kwenye meza za Risk ni "bado mmoja tu", na nyuma ya neno hilo kuna majeshi mengi yaliyoyeyuka. Mtu alikuja na askari 12, akapoteza 8 kihalali, na sasa anataka kuulipiza ule mzigo wa 8 kwa hao 4 waliosalia. Dadu hazikumbuki alichopoteza.

Kwa aliyekulia penye bao, kuzoea dadu ni kazi. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila kitu kiko wazi machoni pa wote wawili, na anayeshindwa amezidiwa kuona. Tena kete unazokula haziondoki mchezoni. Unazisambaza upande wako nazo zinaendelea kufanya kazi, mpaka mchezo uishe kete zikiwa zilezile 64. Kwenye Risk askari aliyekufa anarudi sandukuni, na zamu ijayo wanaletwa wapya kuchukua nafasi yake kana kwamba hakuwahi kuwepo. Nahisi tofauti hiyo kila ninapocheza. Hata hivyo mchezaji mzuri wa bao huja mezani na silaha moja kubwa: amezoea kuufuata mkono mpaka unakolala kabla hajaichukua kete ya kwanza. Kwenye Risk hilo ndilo linalokosekana zaidi.

Chukua mfano. Jirani yako ana nchi 6, kila moja ina askari 2. Unataka kumtoa mchezoni. Mgeni anahesabu maadui 12, anakusanya askari 14, anaingia. Hakuhesabu kwamba kila nchi anayoiteka lazima aiachie mtu. Nchi 6 ni askari 6 waliobaki nyuma hata kama hakuna risasi iliyowapata. Kwa dadu za kawaida atapoteza wengine 9 au 10 katika mapigano. Na ili aendelee kurusha dadu 3 hadi nchi ya mwisho anahitaji akiba mkononi. Kwa hiyo safari ile ilihitaji askari wasiopungua 18, na hata 20 wasingekuwa wengi. Mwenye 14 ataishiwa nguvu katika nchi ya nne au ya tano. Atamwacha jirani akiwa hai na mwenye kinyongo, huku yeye ametandaza watu wake mmoja mmoja njia nzima. Nadhani hii ndiyo hesabu muhimu kuliko zote katika mchezo huu, na nashangaa ni wachache wanaoifanya kwa sauti kabla ya kuondoka. Kushinda mapigano kuna bei yake, na kupita nako kuna bei yake.

Halafu ziko karata. Ukiteka walau nchi moja katika zamu yako unachukua karata moja, yenye picha ya askari wa miguu, wa farasi, au mzinga. Tatu zinazofanana, au tatu tofauti, hubadilishwa kwa askari. Kwa sheria za kawaida badilisho la kwanza mezani hulipa 4, la pili 6, kisha 8, 10, 12, 15, na kuanzia hapo huongezeka kwa 5: 20, 25, 30. Anayejifunza huzichukulia karata kuwa bahati ndogo ya pembeni. Tazama mwelekeo wake. Mwanzoni Australia inalipa 2 kila zamu na karata zinalipa 4 mara moja moja. Hapo bara ni mali. Baadaye karata tatu zinalipa 25, na Asia nzima, pamoja na damu yote iliyomwagika ili kuishika, bado inalipa 7 zilezile. Thamani imehama kutoka ardhini kwenda mkononi mwa watu. Ndiyo maana katikati ya mchezo zamu nzuri huwa fupi: chukua nchi moja dhaifu, pokea karata, funga milango, nyamaza.

Na hapo unagundua kwamba unacheza na watu, ramani ikiwa mahali pa kukutania tu. Anayemtoa mwenzake mchezoni hurithi karata zake zote, na zikimfikisha sita au zaidi lazima azibadilishe papo hapo, katikati ya vita. Mchezaji aliyedhoofika mwenye karata 4 ni hazina inayotembea. Anayejifunza akimwona mtu kama huyo humwonea huruma, au humpuuza, au humpiga nusu nusu. Kumpiga nusu ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu umemlainisha kwa ajili ya anayekufuata. Ama umwache, ama ummalize kwa mkupuo mmoja.

Chuki nayo ina gharama yake. Watu wawili wanaweza kuugeuza mchezo wa watu watano kuwa wao wawili tu: huyu kamchukulia yule Iceland katika raundi ya kwanza, yule hajasahau, na kwa saa nzima wanamwagiana askari huku mtu wa Brazili akikusanya karata kimya kimya. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na sijui methali inayofaa kubandikwa juu ya meza ya Risk kuliko hiyo. Ukipigwa, uliza kwanza aliyekupiga alikuwa na njia nyingine ipi. Mara nyingi hakuwa nayo. Ahadi za mdomo, "usiguse Siam nami sitagusa Mashariki ya Kati", hazimo katika sheria, na hakuna mwenye kuzisimamia ila heshima ya waliozitoa. Mimi nasimama upande wa kuzitimiza. Sababu mojawapo ni ya kimchezo: anayevunja neno leo atacheza peke yake kila mkikutana tena. Sababu nyingine ni kwamba wale wanaozunguka meza ni ndugu na marafiki, na neno lililotolewa juu ya ubao limetolewa kwa mtu.

Ushindi wenyewe huja ghafla. Wasiocheza hudhani dunia hutekwa polepole, nchi baada ya nchi, jioni nzima. Kwa kawaida hutekwa katika zamu moja au mbili. Mtu aliyekuwa wa tatu kwa nguvu anabadilisha karata kwa askari 25, anammaliza mwenye karata 4, anabadilisha tena kwa 30, anammaliza mwingine, na ubao uliokuwa na rangi tano unabaki na mbili. Subira yote ya saa mbili ilikuwa ikiandaa dakika kumi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomfundisha anayeanza kuwa mwoga. Mfundishe kuweka akiba, na mfundishe pia kuutambua wakati wa kuitumia yote.

Aliyebuni haya yote alikuwa mtengeneza filamu. Albert Lamorisse, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1922, anakumbukwa na wapenzi wa sinema kwa Le Ballon rouge ya 1956, filamu fupi ya dakika 34 kuhusu mtoto na puto jekundu linalomfuata mitaani. Mtoto yule alikuwa mwanawe mwenyewe, Pascal. Filamu hiyo ilipata Palme d'Or ya filamu fupi kule Cannes, kisha Oscar ya mswada asilia bora wa filamu. Mwaka uliofuata, 1957, mchezo wake ukatoka Ufaransa kwa jina la La Conquête du monde, yaani kuiteka dunia. Mwaka 1959 kampuni ya Parker Brothers iliutoa Marekani kwa jina la Risk. Lamorisse alifariki mwaka 1970 kwa ajali ya helikopta nchini Iran, akiwa kazini akipiga filamu. Mtu yuleyule aliyeweza kulipa puto moyo alichora dunia isiyo na mtu hata mmoja ila askari. Simlaumu, ubao una nafasi yake na filamu ina yake. Lakini nautazama mwaka ule. Machi 1957 Ghana ilipata uhuru. Jeshi la Ufaransa lilikuwa likipigana Aljeria tangu 1954, na kwenye ubao Aljeria imemezwa ndani ya kipande kiitwacho Afrika Kaskazini, ambacho yeyote anaweza kukichukua kwa dadu 3. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mikononi mwa Waingereza, na chama cha TANU kilikuwa na umri wa miaka 3. Nchi za ramani ile zilikuwa zinakataa kuwa vipande katika miaka ileile vipande vyake vilipokuwa vikipakwa rangi.

Kipande cha Afrika Mashariki kinanirudisha kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, ambayo babu zetu waliijua. Kati ya 1914 na 1918 Tanganyika, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ilitekwa karibu yote, kwa maana ya ubaoni. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Waingereza walishika reli, bandari na miji. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, na jeshi lake lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita ya Ulaya ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Alikuwa amepoteza nchi zote na bado alikuwa mchezoni, kitu ambacho sheria za Risk haziruhusu. Askari wa farasi wa karata zile hawakuwa na nafasi huku: farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o kwa wingi wa kutisha mwaka 1916, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu.

Watu hao ndio wanaokosekana ubaoni. Kila kikosi kilichosogea kilibebwa na wapagazi, na pande zote mbili ziliwachukua kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na vijiji walivyopita vililiwa akiba zake za chakula. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza. Sanamu ya vita iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mchonga sanamu alilijua jambo ambalo mbuni wa mchezo aliliacha: askari hasogei peke yake. Nilisema kupita kuna bei, na Risk inaitoza askari mmoja kwa kila nchi. Bei halisi ililipwa na watu ambao hawakuwa na zamu ya kucheza.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wanaobuni michezo Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala. Tuchoreeni ubao wa vita ile. Mpeni kila askari wapagazi wake, na wapagazi chakula chao, na chakula kitoke shambani kwa mtu mwenye jina. Wekeni masika yanayofunga barabara kwa zamu nzima na mbung'o wanaomaliza farasi. Nchi iliyopitiwa na majeshi mara mbili isilipe kitu. Mpeni mwanakijiji naye zamu, aamue kukimbia, kuficha nafaka, au kupigana. Anzeni na Tanga, tarehe 2 Novemba 1914: wanajeshi wapatao elfu nane wa Uingereza na India wako melini wakisubiri kushuka, na treni za Lettow-Vorbeck zinateremka kutoka Moshi. Karatasi na penseli zinatosha kuanzia.